Na Kichwa Kilikwenda Wapi?

Mwangaluka, wanangu. Huenda mnasoma haya jioni, lakini salamu yangu ni ya asubuhi kwa kuwa kazi yetu ni ya asubuhi. Ukifika kwenye zizi saa nne, mifugo imeshakwenda malishoni, utakachokagua ni mavi tu.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya mifugo, wenye diploma mpya na pikipiki za ofisi. Mwenzenu nimestaafu, nakaa Ngulyati, nina ng'ombe wawili wa maziwa na goti moja bovu. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka thelathini katika vijiji vya Bariadi, na muda wote huo watu waliniita Bwana Mifugo. Mimi ni mama wa watoto wanne. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha, baadaye nikachoka, nikawa naitika.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mjukuu wangu Neema, ambaye naye kaingia chuo cha mifugo. Juzi alikuja likizo, akanionyesha kwenye simu yake pomboo mchanga, yule mnyama wa baharini anayenyonyesha kama ng'ombe. Alikuwa karibu na ufuko, peke yake, anazunguka upande mmoja tu, anazunguka, mama yake haonekani. Neema akasema, "Bibi, wakati mwingine wanakuwa na minyoo kichwani, karibu na masikio. Hawajui tena mbele ni wapi. Wengine hata kunyonya wanaacha, hawakui."

Mimi bahari nimeiona mara moja tu, siku ya semina, na kwenye boti nilitapika mpaka wenzangu wakanionea huruma. Lakini mnyama yule nilimfahamu kabla Neema hajamaliza kusema. Nilishamwona katika kijiji cha Dutwa, ana sufu na miguu minne. Nikamwambia mjukuu wangu akae, nikamsimulia, na yeye ndiye aliyesema niandike na wengine wasome.

Kwanza niwape jambo ambalo mimi nilichelewa kulishika. Mnyama mchanga mwenye vimelea hubadilika tabia kabla hajabadilika mwili. Ukisubiri tumbo livimbe na manyoya yasimame, umechelewa. Anza kuuliza: nani hachezi? Nani analala wakati wenzake wanarukaruka? Nani anasimama mbali na mama yake? Mtoto wa mnyama hana mdomo wa kukuambia, ila mwenendo wake unasema.

Hili sikulipata chuoni. Nilifundishwa na Mzee Luhende, mhudumu wa josho, mtu ambaye hakuwa na cheti chochote zaidi ya cha ubatizo. Mimi nilikuwa mtu wa sindano. Nikifika kwenye kaya, kabla sijajibu salamu vizuri nimeshafungua begi. Luhende alikuwa ananishika mkono. "Usimguse. Mtazame kwanza." Kisha anachuchumaa kwenye mlango wa zizi wakati wa kukamua, ametulia, anaangalia ndama wakiachiwa kwa mama zao. Nani anafika chuchuni wa kwanza, nani anasukumwa na hajali, nani hata hajaamka. Mimi miguu inakufa ganzi, yeye yupo tu.

Siku moja hapa hapa Ngulyati tuliitwa kwa bwana mmoja aliyekuwa na ndama analamba ukuta wa nyumba. Ukuta wa udongo, ndama kaulamba mpaka fito zinaonekana. Mwenye ndama alikuwa kashampa jina, anamwita Mzembe, maana hakimbii, hachezi, muda wote yuko ukutani. Mimi nikasema ana upungufu wa madini. Nilisema kwa sauti kubwa, nakumbuka. Luhende akamshika ndama kichwa, akamfungua mdomo, akanusa. Akaniita na mimi ninuse. Wanangu, ile harufu ni ya samli iliyooza. Akasema, "Huyu ni minyoo. Kaipata kwenye maziwa ya mama yake." Tukamtibu, na kesho yake alitoa minyoo mirefu myeupe ambayo mwenye mji alikwenda kuwaita majirani waje kuitazama.

Baada ya mwezi yule bwana alinikuta mnadani, uso kaukunja. "Bwana Mifugo, nilikupa ndama mpole umenirudishia mhuni. Jana kamwangusha mama mkwe." Mpaka leo nikikumbuka malalamiko yale nafurahi.

Sasa ya Dutwa.

Kulikuwa na mzee aitwaye Sayi, mkulima wa pamba na mfugaji, mji wake haukuwa mbali na barabara. Mwanawe Shija alioa binti wa Nassa, kule kwa wavuvi, jina lake Kabula. Kabula alipoletwa kwa mumewe alikuja na mbwa mdogo wa rangi ya majivu anayeitwa Dagaa. Shangazi Minza, dada yake Mzee Sayi, ndiye aliyekuwa na sauti pale nyumbani kwa mambo ya wanawake, na tangu siku ya kwanza hakumpenda mbwa yule. Alikuwa anasema bibi harusi huja na vyombo.

Kazi aliyopewa Kabula ilikuwa kuangalia wanakondoo, wale wadogo wasiokwenda mbali na nyumbani. Basi haikupita muda, wawili kati yao wakaanza kuzunguka. Mzee Sayi akatuma mtu aniite. Luhende wakati huo alikuwa nyumbani kwake amelala, maksai alikuwa amemkanyaga mguu. Nikaenda mwenyewe.

Nilipofika nilimkuta Kabula amechuchumaa kando ya wale wawili. Alinisalimia kwa kupiga magoti, kisha akaniambia jambo lililonishangaza. "Bwana Mifugo, huyu anazunguka kulia tu. Na jicho lake la kushoto halioni. Nikimletea majani upande huo hanyooshi shingo, nikimletea upande huu anakula." Binti aliishia darasa la saba, na ameona kile ambacho mimi nilikuwa nakwenda kukitafuta. Ukweli wenyewe ndio huo, na mkariri: mara nyingi anazunguka kuelekea upande ulioshikwa, na jicho la upande wa pili ndilo linalokufa. Mpungie mkono karibu na jicho uone kama atapepesa. Halafu mbonyeze fuvu kwa dole gumba, wakati mwingine utakuta sehemu imelainika.

Shangazi Minza alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Akasema bila kumtaja mtu, "Kabla ya mwaka huu kondoo wetu walikuwa wanatembea mbele."

Kabula hakuinua uso. Nami nikajiambia leo hawa watajua kwamba serikali ilinisomesha. Nikamwomba Mzee Sayi ruhusa ya kumchinja yule aliyezidiwa, akakubali. Nikakipasua kichwa kwa shoka mbele ya watu wote, na ndani ya ubongo ulikuwepo mfuko wa maji wa ukubwa wa yai la kuku, ngozi yake nyembamba kabisa, umejaa chembe nyeupe. Nikauinua juani. Nikawaeleza kwamba kila chembe ile ni kichwa cha tegu mchanga, kwamba hakuna aliyeroga, kwamba ni vimelea. Majirani walisogea wakashangaa. Nilijiona nimefika. Nikawapa kondoo waliobaki dawa ya minyoo, nikamwambia Mzee Sayi asiwe na wasiwasi tena, na yule mwanakondoo wa pili achinjwe tu, kichwa kisiliwe.

"Na hiki nani atakila?" Shangazi Minza akauliza, akionyesha kile kichwa kilichokuwa mkononi mwangu.

"Hakuna," nikasema, nikamtupia Dagaa. Alikuwa ameketi karibu na kihenge cha nafaka, akakidaka, akakiburuta chini ya kihenge. Watu wakacheka kwa jinsi kilivyomzidi ukubwa. Nikanawa mikono, nikala ugali, nikaondoka na kuku wa zawadi amefungwa kwenye baiskeli.

Mvua ikaja, watu wakalima, pamba ikapandwa, Kabula akajifungua mtoto, kondoo wakazaa tena. Luhende akapona mguu, akarudi kazini anachechemea. Mimi hadithi ya yule mwanakondoo nilishamsimulia mara nyingi, hasa pale nilipouinua ule mfuko juani. Alikuwa ananisikiliza tu.

Wanakondoo wale wapya walipokwisha kuacha kunyonya, asubuhi moja nilipokea ujumbe kutoka Dutwa. Safari hii Mzee Sayi hakutuma mtu. Alikuja Shija mwenyewe, mume wa Kabula, na baiskeli, jasho linamtoka. Ni mtu mpole sana yule, hata kuongea kwake ni kwa kuvuta. Akasema wanaozunguka sasa ni sita. Akasema familia imekaa, imeona Bwana Mifugo alikuja, dawa zilitolewa, na bado mambo yamezidi, kwa hiyo tatizo siyo minyoo. Tatizo ni Kabula. Anarudishwa kwao Nassa leo.

"Na wewe umesemaje?" nikamuuliza.

"Nimesema nije kwako," akajibu.

Nilimchukua Luhende, tukaenda. Tulipofika tulimkuta Kabula ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba yake, amevaa kitenge cha safari, mzigo umefungwa kwa shuka pembeni. Kaka yake alikuwa ameshafika kutoka Nassa kumchukua. Limi, mtoto wa Kabula na Shija, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa mgongoni mwa Shangazi Minza, analia kwa kumtaka mama yake. Alikuwa ameachishwa ziwa wiki ile ile kwa amri ya shangazi, na kila mwanamke aliyekuwepo pale alielewa maana yake. Ng'ombe wa mahari walishatolewa, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wa baba. Kabula angekwenda peke yake.

Mzee Sayi alinipokea kwa heshima ile ile, akaniletea kigoda. Lakini hakunitazama machoni.

Luhende hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha wanakondoo, akachuchumaa mlangoni kama kawaida yake. Mimi nikamfuata. Wale sita walikuwa wanazunguka. Mmoja amebana kichwa kwenye kona, anasukuma ukuta, anasukuma, kama vile kuna njia pale. Wamedumaa, mbavu zinahesabika, wakati wenzao wa umri ule wameshawakaribia mama zao kwa kimo. Tumekaa hivyo kidogo, mara kutoka katikati yao akanyanyuka Dagaa, akajinyoosha, akapiga miayo. Kumbe ndipo alipokuwa analala siku zote, kwenye matandiko yao, kwa ajili ya joto.

Luhende akamwita, akamkuna shingo, kisha akainua mkia. Akanionyesha. Chini ya mkia palikuwa na vipande vyeupe vimekaukia kwenye manyoya, kama mbegu za tango. Hivyo ni vipande vya tegu, na ndani yake mayai hayahesabiki. Mbwa anavidondosha kwenye nyasi na matandiko, mwanakondoo anakula, yai linaanguliwa, na kile kidudu kinasafiri kwa damu mpaka kwenye ubongo. Huko kinakaa kinajenga mfuko wake wa maji. Mbwa akila ule ubongo, tegu wanakua tumboni mwake, na safari inaanza upya.

Ndipo Luhende akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Ulipompasua yule wa kwanza, kichwa kilikwenda wapi?"

Nikageuka kutazama chini ya kihenge. Fuvu lilikuwa bado lipo, limegugunwa na kuwa jeupe kwa jua, na alama ya shoka langu unaiona.

Mzunguko ule nilikuwa naujua. Chuoni niliuchora, kondoo upande huu, mbwa upande ule, mishale ya wino mwekundu, nikapewa alama zote. Mwalimu aliibandika picha yangu ukutani. Lakini mimi ni mtoto wa kaya ya Kisukuma. Kwetu, kichwa cha mnyama aliyeumwa ni cha mbwa. Babangu alitupa, kaka zangu walitupa, na tuliona huo ndio uangalifu wenyewe, kwamba mtu asile kibaya. Mkono wangu ulijifunza kutupa kabla sijajifunza kusoma. Siku ile niliposhika kichwa, mkono ulifanya ulichozoea.

"Hawa hawajui kwamba ni kichwa kile," nikamwambia Luhende.

"Hawajui," akakubali. "Mimi ni mtu wa josho tu. Bwana Mifugo ni wewe."

Nikarudi pale walipokaa, nikasimama. Nitawaambia ukweli, mara ya kwanza nilisema nusu. Nilisema, "Mzee, tumeona chanzo. Ni mbwa. Huyu Dagaa ana tegu, na analala na wanakondoo. Tutamtibu, yataisha."

Nilidhani nimemaliza. Shangazi Minza akacheka kidogo, cheko la kuchoka. "Mbwa wa nani?" akauliza. "Mbwa si kaja naye kutoka kwao? Mmesikia wenyewe. Bwana Mifugo kasema balaa limeingia na mbwa, na mbwa kaingia na huyu."

Kaka yake Kabula akainamia mzigo kuushika. Kabula akasema polepole, akimtazama mkwewe, "Baba, Dagaa kwetu alikuwa anakula vichwa vya samaki. Kichwa cha kondoo hakuwahi kukijua." Kisha akanitazama mimi. Alikuwepo siku ile, aliona nani alikitupa, na hakunitaja. Mpaka leo sijui kama ni kwa heshima au kwa kuwa alikuwa ameshakata tamaa ya kusikilizwa.

Nikapiga moyo konde. Nilikuwa naogopa, niseme tu. Nilijua mwanamke mwenye kazi ile akishachekwa Dutwa, atakuwa kachekwa mpaka Lamadi, na hakuna atakayemwita tena.

"Shangazi," nikasema, "tegu aliye tumboni mwa Dagaa nilimpa mimi. Mlikuwepo. Yule mwanakondoo wa kwanza nilimpasua, ubongo una mfuko wa vimelea, na mimi kwa mkono wangu nikamtupia mbwa kile kichwa. Angekula vichwa vya samaki maisha yake yote, asingempata tegu huyo. Hawa sita ni wangu. Kabula hakuleta kitu hapa."

Hata Limi aliacha kulia, akawa anakwikwika.

Mzee Sayi akauliza, "Chuoni hawakukufundisha?"

"Walinifundisha, Baba. Na mtihani nilifaulu."

"Sasa ilikuwaje?"

"Kwetu kichwa cha mnyama mgonjwa ni cha mbwa. Mkono ulitupa kabla sijafikiri."

Mzee akakaa akichora chini kwa fimbo. Luhende alikuwa amekuja kuegemea kihenge kwa ajili ya mguu wake, naye akauliza kama mtu anayeulizia habari za mvua. "Mzee Sayi, kabla ya mkwe wako kuja, hakuna kondoo aliyewahi kuzunguka hapa?"

"Walikuwepo," Mzee akasema. "Mmoja mmoja. Mwaka huu mmoja, mwaka mwingine wawili."

"Na vichwa?"

Mzee Sayi akainua macho akawatazama mbwa wake wawili wakubwa, wale wa kuchungia, waliolala kivulini. "Tumetupa," akasema. "Baba yangu alitupa. Mimi nimetupa miaka yote." Kisha akamgeukia dada yake, na nikaona kona ya mdomo inacheza. "Sasa Minza, tumrudishe nani kwao? Mimi kwetu ni hapa hapa. Labda Bwana Mifugo. Ngulyati si mbali, huyu kijana wa Nassa anaweza kumpitisha."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Shangazi Minza peke yake hakucheka. Alisimama pale, mtoto mgongoni. Akafungua kanga, akamshusha Limi, akamweka mapajani mwa mama yake.

"Mnyonyeshe," akasema. "Maziwa yatakuuma."

Akaushika ule mzigo, akauingiza ndani.

Sikusamehewa bure, msidhani. Mzee Sayi alisema panahitajika shimo la kuzikia vichwa, na atakayelichimba ni mimi. Akanipa jembe. Udongo wa pale ni ule mweusi wa mbuga, unang'ang'ania jembe mpaka mabega yanaomba msamaha. Luhende alikaa kwenye kigoda changu akawa msimamizi. Nikisema basi, anasema, "Bado. Hapo mbwa anafukua." Shimo lilipofika magotini niliona mtu anaingia upande wa pili na jembe lake. Alikuwa Kabula, ameshavua kitenge cha safari. Tulichimba mpaka kiunoni. Lile fuvu la chini ya kihenge ndilo lililotangulia kuzikwa.

Tuliwafunga mbwa wote watatu kwa siku tatu, tukawapa dawa ya tegu. Ya Dagaa tuliificha ndani ya dagaa, akala hata hakutafuna. Siku zile tatu mavi ya mbwa yalikuwa yanatakiwa kuokotwa na kuchomwa, na aliyeyaokota ni mimi, na koleo na kopo, ndani ya koti langu jeupe la ofisi. Watoto wa Dutwa wakanipa jina jingine ambalo siwezi kuliandika hapa, Neema atacheka. Matandiko yakachomwa, kibanda kikahamishwa. Wale sita hatukuweza kuwaokoa. Hilo linaniuma. Mtoto wa mnyama akishapotezewa ubongo, hakuna sindano ya kuurudisha. Kinga ndiyo dawa, na kinga yenyewe ni shimo, jembe na dawa ya mbwa, pamoja na kunawa mikono, maana hata binadamu anaweza kuyapata mayai yale.

Kwenye ripoti niliandika kama ilivyokuwa, kosa langu na jina langu. Mkuu wangu aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nina uhakika nataka ikae kwenye faili. Nikamwambia ikae. Na lile nililoliogopa halikutokea. Walionicheka ndio hao hao walioanza kuniita, kwa sababu, kama mama mmoja alivyoniambia, mtu anayekubali kosa la kichwa hawezi kukuficha kosa la sindano.

Nina watu wengi wa kuwashukuru katika kazi hii. Namshukuru Mzee Luhende, ambaye angeweza kunisemea au kunisema, na vyote hakufanya. Tulimzika miaka mingi iliyopita, na mpaka leo nikifika kwenye zizi lolote nachuchumaa kwanza, goti likipenda lisipende. Namshukuru Mzee Sayi kwa jembe lile. Namshukuru hata Shangazi Minza, kwa sababu angeweza kuondoka na hasira zake na mtoto mgongoni, na hakufanya hivyo. Namshukuru Dagaa, aliyekufa mzee kabisa, meno yameisha, bila kukiona tena kichwa cha kondoo.

Na Kabula. Tangu simu za mkononi zilipofika Dutwa, kila wanapochinja kondoo, mgonjwa au mzima, ananipigia. Nilipostaafu nilidhani ataacha. Hakuacha.

Juzi nilikuwa nimefika hapa kwenye kumsimulia Neema, simu ikaita. Neema akaitazama akasema, "Bibi, ni Mama Limi." Nikamwambia aweke sauti ya nje asikie.

"Mwadila, Bwana Mifugo," Kabula akanisalimia kwa salamu yetu ya jioni.

"Mwadila, mayu," nikamwitikia, nikimwita mama. "Habari za huko?"

"Nzuri. Limi amekuja na mtoto wake kutusalimia, tumewachinjia." Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia, na mwanamke anambembeleza. "Kichwa nimekizika."

"Umechimba mpaka wapi?"

"Kiunoni."

"Wabeja, mayu," nikamshukuru.

"Wabeja nawe," akasema Kabula. "Subiri kidogo, Limi anataka kukusalimia."